Magotini pa Mama

Jana alasiri nilikwenda Mji Mkongwe, hapa Bagamoyo, kutazama picha za mchoraji mmoja mwanamke ambaye sitamtaja jina kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Picha zilikuwa 11, zimetundikwa katika chumba cha nyumba ya kale yenye kuta za matumbawe na chokaa, na kwa kuwa mwanga mwingi uliingilia mlangoni, kila mtu aliyepita alizitia kivuli. Sisi wa Bagamoyo tumezoea sanaa yenye sauti. Tangu mwaka 1981, kilipoanzishwa Chuo cha Sanaa ambacho leo ni TaSUBa, mgeni akija huku hutarajia ngoma na maigizo. Chumba kile kilikuwa kimya, nami nilikishukuru kimya chake.

Iliyonishika ni picha ya tatu kutoka mlangoni. Mtoto wa kike wa miaka minne au mitano amekaa mkekani, kati ya magoti ya mama yake, anasukwa twende kilioni. Shingo ameiinamisha, sikio moja limekunjwa na kidole gumba cha mama, na pale chanuo lilipogawa nywele, ngozi ya kichwa inang'aa kwa mafuta ya nazi. Mng'ao huo ni mstari mmoja tu mwembamba wa rangi ya kahawia iliyotiwa njano, na ukisogea karibu unaona jinsi brashi ilivyotetemeka kidogo ilipokaribia utosi. Mama anaonekana kuanzia miguuni hadi kifuani. Juu ya hapo kitambaa cha kuchorea kimekwisha. Picha zote 11 ziko hivyo, kuna mama na mtoto, na hakuna hata moja yenye uso wa mama.

Nikamuuliza mchoraji, "Dada, mbona mama zetu umewanyima sura?"

Akanijibu kwa upole, "Dada yangu, ukikaa magotini pa mama kusukwa, sura yake unaiona wapi?"

Usiku kucha nimejaribu kuikumbuka sura ya marehemu mama kabla sijaanza shule, na kila mara inayonijia ni ile ya kwenye picha ya kitambulisho, iliyopigwa nikiwa mtu mzima. Magoti yake, hata hivyo, nayakumbuka vizuri. La kushoto lilikuwa na kovu la kuungua, laini kuliko ngozi iliyolizunguka, nami nilikuwa nikilipapasa kila aliponivuta nywele kwa nguvu.

Nilipokuwa nasomea ualimu niliona, katika kitabu cha maktaba, picha ya Berthe Morisot wa Ufaransa, aliyoichora mwaka 1872 na kuionyesha Paris mwaka 1874, katika maonyesho ya kwanza ya kundi la wachoraji walioitwa Waimpreshonisti. Dada yake, Edma, amekaa kando ya kitanda cha mtoto, anamtazama binti yake aliyelala nyuma ya chandarua chepesi. Ni picha ninayoipenda hadi leo, lakini ni picha ya mama anayetazama. Anachokiona mtoto hakimo. Mchoraji wetu amehamia upande wa mtoto, na naamini huko ndiko kugumu zaidi, maana mama anaweza kuombwa akae mbele ya mchoraji, ilhali mtoto aliyekuwako miaka 30 iliyopita haitiki tena.

Katika picha ya mwisho mtoto amesimama nyuma ya mama, ameshika pindo la kanga. Jina la kanga liko mbele ya macho yake kabisa, lakini limechorwa kama safu ya vijiti na viduara, kwa sababu mtoto huyo bado hajajua kusoma. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kufunga madirisha.

Leo asubuhi nimempigia simu mama mdogo, aliyeko Tanga. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamuuliza kama anaikumbuka kanga nyekundu ya mama, ile yenye korosho, na kama anakumbuka iliandikwaje. Akanyamaza kidogo.

"Kanga yenyewe naikumbuka, mwanangu, ila jina lake limenitoka. Ilikuwa imeshalainika, tukamchania mdogo wako nepi."