Muhogo wa futari

Mwaka 2016 Ramadhani iliangukia Juni, na mimi nilikuwa nimeshamtangazia kila mtu pale nyumbani Mbagala kwamba safari hii muhogo wa futari haununuliwi. Nilikuwa na mashina 16 nyuma ya nyumba.

Pingili nilipewa na rafiki yangu wa Chamazi, bure, zimefungwa kamba kama mzigo wa kuni. Nikazipanda Novemba, mvua za vuli zilipokolea. Mchanga wa Mbagala ni mchanga kweli, lakini muhogo haujali. Kufika Aprili ulikuwa umenipita kimo. Majirani wanakuja kuchuma kisamvu, nami nawagawia kwa madaha kama mwenye shamba Mkuranga. Majani ya chini yalikuwa na manjano kandokando ya mishipa. Nikasema yamezeeka tu.

Bibi naye alikuwa na magimbi yake. Aliyachomeka kwenye tope la maji ya bafuni, pale tunaporuka kila siku, na sikumbuki kumwona akiyapalilia. Kuna ndugu yetu mmoja aliapa hatayagusa, kwa kujua yanakunywa nini.

Chungu cha kwanza, baada ya alasiri, nikang'oa shina la kwanza. Lilitoka kirahisi mno. Mihogo mitano, mingine imebinywa katikati kama iliyofungwa uzi. Bibi alikuwa amekalia mbuzi, nazi imeshakunwa. Akachukua mmoja, akaumenya, akaukata. Ndani ya ule weupe kulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, na kisu kikifika hapo kinakwaruza. Akakata wa pili. Wa tatu. Ndipo akaniinulia macho.

"Mume wangu, huu tumpe nani?"

Nikang'oa yote 16 kwa hasira. Iliyofaa haikujaza sinia.

Saa 11 ilishapita. Bibi akafunga kanga kiunoni, akachukua jembe, akaingia topeni. Magimbi yakatoka meusi, yana manyoya, makubwa kama ngumi mbili. Kabla ya kumenya alijipaka mafuta ya nazi mikononi, akanisogezea kichupa. Nikakataa. Viganja viliniwasha mpaka isha. Yule ndugu wa kuapa alikula vipande vinne, nilivihesabu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba ule ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao wataalamu wa kituo cha Amani kule Tanga waliuandika tangu 1936. Unaenezwa na inzi weupe, na unasafiri ndani ya pingili, shina likiwa zima machoni. Lakini usiku ule sikuwa na habari hizo. Nilitoka tarawehe nikampigia rafiki yangu wa Chamazi, nimejiandaa kugomba.

Akaniambia wa kwake bado hajang'oa. Majani, alisema, yamestawi ajabu.