Stempu za Uhuru kutoka Masanduku ya Wazee

Seti ya kwanza ya stempu za Tanganyika huru ina stempu 12. Nilipoanza kuitafuta nilikuwa na moja tu, ya senti 30, yenye bendera ya kijani, dhahabu na nyeusi. Niliikuta kwenye bahasha kabatini kwa marehemu babu, hapa Ng'ambo, Tabora. Babu alikuwa karani wa reli, na barua ile aliandikiwa na ndugu yake wa Kigoma. Muhuri wa posta ulikuwa bado unasomeka.

Stempu hizo zilitoka siku ileile ya Uhuru, 9 Desemba 1961. Kabla ya hapo tulitumia za pamoja na Kenya na Uganda, zenye kichwa cha Malkia Elizabeth. Mpya hizi zilileta watu wetu wenyewe: mwalimu na wanafunzi kwa senti 5, muuguzi na mtoto kwa senti 10, wachuma kahawa kwa 15, wavuna mahindi kwa 20. Senti 50 ni simba wa Serengeti. Shilingi moja na senti 30 ni mwenge juu ya Kilimanjaro. Nchi ilikuwa na siku moja tu, na tayari mvuna mahindi alikuwa amekaa pale alipokuwa malkia. Kila nikiitazama ile ya senti 20 moyo hunijaa.

Kununua seti nzima, safi, isiyotumika, kunawezekana. Mimi nilitaka zilizosafiri, zenye muhuri wa Tabora, Ujiji au Kigoma.

Basi nikaanza kuzunguka kwa wazee. Hapo ndipo palikuwa pagumu. Ukimwomba mtu akuoneshe barua za zamani, cha kwanza anachowaza ni kiwanja na mirathi. Nyumba tatu za mwanzo nilirudishwa mlangoni. Ya nne ilikuwa ya bibi mmoja wa Gongoni. Nikampa shikamoo, nikaeleza. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hizi barua ni za mume wangu. Hazitoki humu ndani."

Nikamwambia sawa, bibi, zisitoke. Macho yake yalikuwa hayaoni tena maandishi, kwa hiyo nikamwomba nimsomee. Nilikwenda kwake Jumamosi nne mfululizo. Mumewe alikuwa akifanya kazi bandarini Kigoma, akiuliza kila mara kama mahindi yameota na kama mtoto ameacha kukohoa. Jumamosi ya nne bibi alinipa bahasha tupu saba, barua zenyewe akabaki nazo. Tangu hapo nimefanya hivyo kwa kila mzee: namsomea kwanza, na barua inabaki kwa mwenyewe.

Kosa kubwa nililifanya mapema. Nilidhani stempu lazima itolewe kwenye bahasha. Nikaloweka vipande kwenye maji ya uvuguvugu mpaka gundi ikaachia, nikavikausha katikati ya magazeti chini ya kitabu kizito. Njia yenyewe ni sahihi, ila kimoja kilikuwa cha bahasha nyekundu. Rangi iliachia ndani ya bakuli, na simba wangu wa senti 50 wakatoka wekundu. Kilichoniuma zaidi ni mihuri. Duara la muhuri huangukia nusu juu ya stempu na nusu juu ya bahasha, na mimi nilikuwa nimeshalikata kwa mkasi. Tarehe na jina la mji vikapotea. Siku hizi sikati kitu. Nahifadhi bahasha nzima ndani ya mfuko mwangavu, mbali na jua, na wakati wa masika naukagua kila wiki kwa sababu ya unyevu.

Kutunza bahasha nzima kumenionesha jambo ambalo stempu peke yake isingelisema. Tanganyika huru iliishi kwa jina hilo tangu Desemba 1961 hadi Muungano wa 26 Aprili 1964. Lakini ninayo bahasha ya 1965 iliyopigwa muhuri Ujiji, na stempu yake bado ni ya Uhuru. Mtu alikuwa nayo nyumbani, akaitumia.

Sasa ninazo kumi. Zilizobaki ni za shilingi 10, yenye almasi na mgodi, na shilingi 20. Nani angebandika shilingi 20 kwenye barua ya kumsalimia mama? Thamani hiyo ilikuwa ya vifurushi, na karatasi za vifurushi watu waliwashia moto.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Ujiji alinipigia. Babu yake alikuwa na duka la vitambaa, akipokea mizigo kwa posta, na kuna sanduku chini ya kitanda ambalo halijafunguliwa tangu azikwe. Nimemwomba asikate chochote, wala asiliweke juani. Nimeshakata tiketi ya treni.