Kupachika na Kupachua Flashi katika Linux

Mwaka juzi nilinakili kwenye flashi masimulizi ya bibi yangu mzaa mama, rekodi za sauti zenye ukubwa wa karibu GB 2, ili mjomba aliyekuwa akisafiri jioni ile aende nazo Tanga. Mstari wa kunakili ulijaa upesi kuliko nilivyotarajia, nikachomoa flashi na kumkabidhi. Usiku alinipigia simu: "Mpwa wangu, majina yapo, sauti haipo." Mafaili mawili ya mwisho hayakufunguka. Nakala asili zilikuwa bado kwenye kompyuta yangu, lakini wazee waliokusanyika kumsikiliza dada yao waliondoka bila kumsikia, na jambo hilo liliniuma kiasi cha kunifanya nijifunze kwa makini kinachotendeka ndani ya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta yangu, tangu flashi inapochomekwa hadi inapochomolewa.

Kuchomeka na kupachika ni mambo mawili tofauti. Kuchomeka ni kazi ya mkono. Kupachika ni kazi ya mfumo, nayo inafanana na kutia mpini kwenye jembe, kwa maana vitu viwili vilivyokuwa mbalimbali vinakuwa chombo kimoja. Linux haiipi kila diski herufi yake kama Windows inavyofanya, bali ina mti mmoja tu wa folda unaoanzia kwenye alama ya /, na flashi haisomeki mpaka ipachikwe kwenye folda mojawapo ya mti huo. Ukiichomeka, kerneli, yaani kiini cha Linux, huitambua na kuipa jina, mara nyingi /dev/sdb, na sehemu yake ya kwanza ikaitwa /dev/sdb1. Jina hilo halidumu: flashi iliyokuwa sdb leo yaweza kuwa sdc kesho iwapo kuna kifaa kingine kilichotangulia. Kwa sababu hiyo siandiki amri yoyote kwenye terminali, yaani mahali pa kuandikia amri, kabla ya kuendesha lsblk, inayoorodhesha diski zilizopo, na kutazama safu ya ukubwa. Flashi iliyoandikwa GB 16 kwenye ganda lake huonekana hapo kama 14 na kitu, kwa kuwa kiwanda huhesabu kwa maelfu ilhali lsblk huhesabu kwa 1024. Ukiona namba inayokaribia ukubwa wa diski kuu ya kompyuta yako, simama hapo hapo.

Kwenye Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, yenye madirisha ya kubofya, huduma iitwayo udisks2 hukufanyia kazi hii yenyewe na kuipachika flashi ndani ya /media, chini ya jina lako la mtumiaji. Kwenye seva, au kompyuta isiyo na madirisha, utatengeneza folda kwa sudo mkdir /mnt/flashi (neno sudo huipa amri mamlaka ya msimamizi), kisha utaandika sudo mount /dev/sdb1 /mnt/flashi. Hapo wengi hukwama, kwa kuwa wanaweza kusoma mafaili lakini wakijaribu kuandika wanakataliwa. Sababu ni kwamba flashi nyingi hutumia FAT32 au exFAT, mifumo ya kupanga mafaili isiyohifadhi habari za mmiliki wa faili, hivyo Linux huyahesabu mafaili yote kuwa ya aliyepachika, yaani root, msimamizi wa mfumo. Ongeza -o uid=1000,gid=1000 kwenye amri ya kupachika, ukiwa umehakikisha kwa amri ya id kwamba namba zako za mtumiaji na za kundi ndizo hizo. Mimi siku hizi napendelea udisksctl mount -b /dev/sdb1, kwa kuwa hunipa umiliki moja kwa moja, na kwa kawaida haihitaji sudo.

Ukipachika juu ya folda yenye mafaili tayari, mafaili yale yatatoweka machoni, lakini hayajafutwa. Yamefunikwa tu, nayo yatarejea ukipachua.

Sasa nije kwenye lile lililonipata. Unaponakili, kerneli huyapokea maandishi kwenye kumbukumbu ya RAM kwanza, ikakuambia kazi imekwisha, halafu ikaendelea kuyamimina kwenye flashi polepole nyuma ya pazia. Mstari ule uliojaa upesi ulikuwa unapima safari ya kwenda RAM, wala si safari ya kufika kwenye flashi. Amri ya umount, isiyo na herufi n baada ya u, ndiyo inayolazimisha masalio yote yaandikwe kabla ya kuiachia flashi. Nilipoandaa flashi ya pili kwa ajili ya Tanga, niliandika sudo umount /mnt/flashi na terminali ikanyamaza kwa karibu dakika mbili huku taa ndogo ya flashi ikipepesa, ndipo mshale wa amri ukarudi. Kimya kile ndicho nilichokikatiza mara ya kwanza bila kujua.

Ukijibiwa "target is busy", kuna programu inayoishikilia flashi, na mara nyingi ni terminali yako mwenyewe iliyosimama ndani ya folda hiyo. Toka kwa cd, ujaribu tena. Isipokubali, sudo fuser -vm /mnt/flashi itakutajia anayeishikilia. Nakusihi usikimbilie umount -l, kwani hiyo huiondoa flashi kwenye mti papo hapo ilhali uandishi waweza kuwa bado unaendelea, na utachomoa ukidhani umepona. Baada ya kupachua, udisksctl power-off -b /dev/sdb huzima umeme wa kifaa, jambo ambalo diski za nje zenye sahani zinazozunguka zinalihitaji zaidi kuliko flashi.

Rekodi za bibi sasa zinakaa kwenye diski ya nje ambayo nimeiandika katika /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kupachikwa kompyuta inapowaka, kwa UUID yake, yaani namba yake ya kipekee ya utambulisho, inayopatikana kwa lsblk -f, badala ya jina la sdb linalobadilika. Nimeongeza neno nofail kwenye mstari huo, kwa sababu bila hilo kompyuta ikiwashwa diski ikiwa kabatini, mfumo huingoja kwa sekunde 90, kisha unaishia kwenye hali ya dharura badala ya kuwaka kama kawaida.