Land Cruiser ya zamani na bomba za kulinda paa

Bomba la maji unalouziwa Birere, mjini Goma, halifai kwa fremu ya ndani inayozuia paa lisiwabonyeze abiria gari likibiringika, hata fundi akikuapia. Mshono wake hupasuka likikunjwa, na zinki iliyopakwa juu yake ikichomelewa hutoa moshi wenye sumu. Tafuta bomba la chuma lisilo na mshono, kipenyo milimita 45, unene 2.5, likunjwe bila moto. Likibonyea kwenye kona, tupa.

Kasoro kubwa huwa kwenye miguu ya fremu, inapokanyaga sakafu. Inua zulia: sakafu imeliwa na kutu, bisibisi inapita. Gari likibiringika kwenye mawe ya volkano, mguu utaitoboa kama mkuki. Kata kutu yote, kisha kwa kila mguu weka bamba la chuma la unene wa milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 120, na bolti 3 za M8 (kipenyo milimita 8) zenye alama ya uimara 8.8. Bomba lililo karibu na kichwa livishwe sponji ngumu. Ile ya godoro haisaidii kitu.