Shela lililopoteza maua, na kwa nini sasa napiga RAW

Aliyenifundisha kazi ya kupiga picha aliniambia, "Mdogo wangu, RAW ni ya watu wa matangazo. Harusi piga JPEG, mteja hajui tofauti." RAW ni faili ghafi, lenye yote kamera iliyoyanasa; JPEG ni picha ya kawaida, ambayo kamera imeshaitengeneza yenyewe. Nilimwamini miaka miwili. Maneno hayo bado yananiuma, kwa sababu mteja alijua.

Ilikuwa harusi ya hapa Tanga. Bibi harusi alivaa shela lenye maua ya uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, kazi ya mkono kutoka kifuani hadi mikononi. Ukumbi umejaa taa za zambarau, na flashi yangu inapiga kutoka mbele. Kwenye kioo cha kamera picha zilipendeza. Nilipopeleka albamu, mama yake alifunua kurasa taratibu, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona maua ya shela hayapo? Fundi alikaa nayo miezi miwili."

Niliyatafuta usiku tatu mfululizo. Kila nilipopunguza mwanga, weupe uligeuka kijivu kama majivu, bila ua hata moja. Nikajaribu kuiondoa zambarau usoni kwa bwana harusi. Ngozi yake ikaingia ukijani, na kwenye kivuli cha shavu ikatokea michirizi kama ngazi. Hapo ndipo nilipoelewa JPEG ni nini. Kamera inakuwa imeshaamua rangi na mwanga, ikabana faili na kutupa mengine yote. Nyekundu, kijani na buluu, kila moja inabaki na viwango 256 vya mwanga, wakati RAW ya biti 14 ya kamera yangu ina viwango 16,384. Maua yangu yalikuwa kwenye vile vilivyotupwa.

Safari hii sikumuuliza mtu. Nilimkalisha dada yangu dirishani saa saba mchana, kajitanda kitambaa cheupe cha kudarizi, nikapiga RAW na JPEG kwa pamoja, makusudi nikizidisha mwanga kidogo. Kwenye RAW nyuzi zilirudi moja baada ya nyingine. Kwenye JPEG kilibaki kitambaa kitupu.

Watu watakutisha kuhusu ukubwa wa mafaili. Kwa megapikseli 24, faili langu la RAW ni kama MB 28, JPEG ni MB 8 hivi. Harusi ya picha 700 inakula karibu GB 20. Nilinunua diski ya nje kwa laki mbili na ushee, ikaisha hiyo habari. Kusafisha picha natumia programu ya darktable, ya bure.

Kilichonitesa kweli ni kasi. Kwenye kulishana keki nilibonyeza mfululizo, kamera ikagoma, taa ya kadi inawaka tu, keki imeshaingia mdomoni. Nilikuwa nahifadhi RAW na JPEG kwa pamoja, maana ndugu wanataka picha za WhatsApp usiku huohuo. Kumbe ndani ya kila faili la RAW kamera imeshaweka JPEG yake. Ndiyo ile unayoiona kwenye kioo! Programu ya ExifTool, nayo ya bure, inaichomoa. Sasa nahifadhi RAW peke yake, kamera inapumua, na watu wakiwa kwenye pilau mimi nachomoa picha thelathini na kuzituma kabla sahani hazijaondolewa. Ninalifurahia jambo hili kuliko lenzi yoyote niliyowahi kununua.

Picha za pasipoti na mechi za mtaani bado napiga JPEG, mwanga wake naujua na watu wanazitaka papo hapo. Na weupe ulioungua kabisa kwa mwanga kuzidi, hata RAW haiurudishi. Kwa hiyo harusini napima mwanga wa shela kwanza, napiga giza kidogo, nyuso nazipandisha mwanga nyumbani.

Mwaka jana yule mama alinipigia simu: binti wa pili anaolewa, shela kwa fundi yuleyule. Nilipompelekea albamu alikwenda moja kwa moja kwenye picha ya shela, akaanza kuhesabu maua ya kifuani kwa kidole.