Nyota ya babu

Leo nimeshinda na nyota ya babu mezani, medali yake ya vita, taa ya kusomea imeinamishwa karibu, naandika sasa hivi kabla sijalala maana kesho ntakuwa nimeshapoa.

Babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alienda Burma, Myanmar ya leo, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale walioshuka Bonde la Kabaw 1944 kwenye mvua za huko, matope, malaria, mpaka wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi wa Desemba. Alirudi Tabora na medali ambazo sisi wajukuu tulizikuta kwenye kopo la biskuti, hii ya Burma yenye ncha sita na ile ya vita ya duara yenye simba amemkanyaga joka. Ya duara iko sawa tu. Nyota ndo imeumia, kile kisikio cha juu kimepasuka, utepe umeoza, afu kutu ya kijani imejaa kwenye herufi.

Mwezi uliopita niliipeleka kwa fundi mmoja, akaiangalia akasema niachie, ntaizamisha kwenye asidi afu naipiga maji ya dhahabu, itang'aa kuliko mpya. Nikaichukua nikaondoka. Yaani moyo ulinienda mbio, kwa sababu mama alishanieleza kwanini pale katikati kwenye taji pamelainika hivi. Bibi ndo alikuwa anaisugua kwa majivu na ndimu kila Idd ikikaribia, miaka na miaka, hata babu alipofariki hakuacha. Na hizi nyota za Waingereza hazikuandikwa majina ya askari, ukiigeuza nyuma ni tupu kabisa, kwahiyo kitu pekee kinachosema hii ni ya babu yangu na sio ya mtu mwingine yeyote ni pale palipolika na mkono wa bibi. Ukipiga dhahabu umemfuta.

Kwahiyo kutu nimeitoa mwenyewe. Niliiloweka kwenye mafuta ya zeituni siku kadhaa, nikawa nachokoa taratibu na kijiti cha meno, herufi moja moja, nafuta na pamba. Kwenye B ya Burma nilishikwa na haraka nikatumia pini, nikaacha mchubuko mweupe mdogo na mpaka sasa unaniuma kila nikiuona. Chuma kwenye shaba hapana, kijiti kinatosha hata kama kitakuchukua wiki.

Kisikio amekiunga fundi redio wa mtaani kwetu, kwa lehemu ya risasi, ile inayoyeyuka kwa moto mdogo, maana moto mkali wa sonara ungebadilisha rangi ya shaba yote. Katia tone dogo tu, ukipitisha kidole unalisikia.

Utepe mpya nimenunua, bluu iliyokolea, nyekundu pana katikati na michirizi ya machungwa huku na huku. Ule wa zamani sijautupa. Pale ulipokunjwa ndani, jua halikufika, machungwa bado imewaka kama alivyoivaa babu, nikaukunja vilevile ulivyokuwa nikauweka kwenye karatasi ndani ya kopo, chini ya nyota.

Mama kaja jioni, kaishika, kapitisha dole gumba pale kwenye taji, akakaa nayo muda mrefu bila kusema kitu.