Siku moja na ndege zinazofanana: zote ziliandikwa "Tiger Moth"

Saa mbili asubuhi. Kazi yangu ni kuandika maelezo ya picha za zamani za ndege. Sanduku la leo ni la ndege za mafunzo, zile zenye bawa juu na bawa chini. Nyuma ya karibu kila picha mtu ameandika "Tiger Moth". Namwelewa: ni ndege ya mafunzo ya Uingereza, zilitengenezwa zaidi ya 8,000, jina likazimeza nyingine zote. Lakini ndege hizo nyingine nazo zina majina yao, na zinastahili kuitwa kwayo.

Saa tatu. Ya kwanza ni rahisi. Vichwa vya silinda vimechomoza juu ya pua. Hiyo ni DH.60 Moth, ya tangu 1925. Injini ya Tiger Moth imepinduliwa, silinda ziko chini, ndiyo maana rubani anaona mbele vizuri zaidi.

Saa tano. Hii ina injini iliyopinduliwa, nikakaribia kuipitisha. Nikaangalia mabawa: yamenyooka. Moth Major! Mabawa ya Tiger Moth yamelalia nyuma, tena kwa sababu ninayoipenda sana. Mkufunzi aliyekaa mbele akiwa na parachuti alipata shida kutoka, kwa kuwa nguzo za bawa la juu zilimzingira. Wahandisi wakazisogeza mbele, kisha wakayalaza mabawa nyuma ili ndege isipoteze mizani.

Saa saba, chakula, haraka.

Saa nane. Picha iliyonila muda wote uliobaki. Injini imepinduliwa, mabawa yamelala nyuma, tangi la mafuta limekaa katikati ya bawa la juu. Kila kitu kinasema Tiger Moth. Nikachukua kioo cha kukuzia, nikafuata ukingo wa nyuma wa bawa la juu, na karibu na ncha nikaona mstari wa kibawa cha kuinamishia ndege. Tiger Moth ina vibawa hivyo chini tu. Kuna hata kifimbo chembamba kinachounganisha cha juu na cha chini.

Saa kumi. Zimebaki aina mbili za kuchagua: Stampe SV.4 ya Ubelgiji na Bücker Jungmann ya Ujerumani, zote zenye vibawa vinne. Lile tangi likanipa jibu, maana Jungmann hubeba mafuta ndani ya kiwiliwili.

Saa kumi na moja. Nyuma ya picha, kwa penseli, chini ya mwandiko wa zamani ambao siufuti: Stampe SV.4.